Dengu za viungo na mboga: namna ya kuzipika zikalainika huku kwetu juu

Jumapili moja ya mwezi wa saba, hapa Uyole, Mbeya, niliita watu wanane kula dengu nikaishia kuwanywesha chai na mkate. Dengu zilikuwa jikoni tangu saa tano asubuhi. Nilifuata maelekezo niliyopewa na rafiki wa Dar es Salaam: loweka usiku, chemsha saa moja, tia nyanya na viungo, unga, pakua. Saa moja ikapita, ya pili ikapita, nikaongeza mkaa, ya tatu ikapita. Ukiitia punje mdomoni inagonga jino. Shangazi yangu, aliyekuwa amepanda kutoka Kyela siku hiyo, akafunua sufuria akaangalia ndani kwa muda.

"Mwanangu, nyanya umetia saa ngapi?"

"Mwanzoni, shangazi. Pamoja na maji."

Akarudisha kifuniko taratibu. "Basi tule huo mkate."

Tangu siku ile nimezipika mara nyingi, kwa mkaa, kwa gesi na kwa sufuria ya presha, na sasa sina wasiwasi hata wageni wakiwa sebuleni. Nitaeleza kila hatua, ila nitakaa zaidi kwenye kuloweka, kuchemsha na kukaanga kitunguu, maana humo ndimo chakula hiki kinapopatikana au kupotea. Mengine ni kukatakata tu.

Kwanza tuelewane ni dengu zipi

Nazungumzia zile punje za mviringo zenye kama mdomo mdogo kwa mbele, ukiitazama vizuri inafanana na kichwa cha kifaranga. Ndizo zinazosagwa kupata unga wa bagia. Wahindi huziita chana, na chakula hiki tunachopika leo ni ndugu wa chana masala yao, tumekihamishia tu kwenye mboga za kwetu.

Nasema hivi kwa sababu jina linachanganya. Ukisoma pishi lililoandikwa na Mkenya akasema ndengu, yeye anamaanisha choroko, zile za kijani ndogo, ambazo huiva haraka na hazihitaji vurugu hii yote. Na ukiingia dukani ukaomba dengu, wengine watakupa zile nyekundu bapa zilizopasuliwa, yaani dali. Hizo zikikaa dakika 25 motoni zinakuwa uji. Onyesha kwa kidole.

Zipo za aina mbili. Ndogo za kahawia zenye ganda gumu, ambazo ndizo nyingi masokoni kwetu, na kubwa nyeupe za rangi ya krimu zenye ganda laini, ambazo ni ghali na mara nyingi utazikuta kwenye maduka makubwa. Nyeupe huiva mapema kidogo. Mimi napenda za kahawia. Zina ladha nzito kama ya njugu, na zinakaa na umbo lake kwenye mchuzi.

Sisi hatuzilimi sana. Mbeya ni nchi ya maharage, na nyumba nyingi hapa zinaweza kumaliza mwaka bila kupika dengu hata mara moja. Zinatoka Kanda ya Ziwa na Tabora: Shinyanga, Simiyu, Mwanza, kwenye zile mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakulima huko huzipanda mvua zikielekea kuisha, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini, kisha huvunwa kiangazi. Maana yake kwako mnunuzi ni kwamba ukizinunua masika, hata zile "mpya" zimeshakaa gunia miezi kadhaa. Na dengu iliyokaa sana ghalani, hasa mahali penye joto, inakuwa ngumu kiasi kwamba hakuna moto utakaoibembeleza.

Sokoni Mwanjelwa mimi huwa nafanya hivi. Nachota kiganja, naangalia ganda: liwe linang'aa kidogo, lisiwe limefifia kama limepakwa vumbi. Punje yenye tundu la mdudu ikiwa moja, sawa; zikiwa tano kwenye kiganja kimoja, nahamia meza nyingine. Kisha nanunua robo tu. Naziloweka, nazipika, zikikubali narudi kwa mama yuleyule siku ya pili kuchukua kilo tatu kutoka gunia lilelile. Kuna mmoja amenizoea, ananiona kwa mbali anasema, "Leo umekuja kuonja au kununua?" Nikishalipa, "Ndaga, mwanangu," yaani asante kwa Kinyakyusa, tunaagana.

Mahitaji, watu sita hadi wanane

Dengu kavu nusu kilo. Zikishalowekwa na kuchemshwa zitafika zaidi ya kilo moja, kwa hiyo usione ni chache.

Mboga: vitunguu maji vikubwa vitatu, nyanya sita zilizoiva hasa, karoti tatu, viazi mviringo vinne vya wastani, pilipili hoho moja, njegere mbichi kikombe kimoja, na fungu la mchicha. Mboga hizi zote tunazo mlangoni. Viazi, karoti na njegere za milima ya Uporoto zinashuka kila siku, na ukiwa Njombe au Makete viazi ndiyo kwenu kabisa. Msimu wa njegere ukipita weka kabichi iliyokatwa kwa upana wa vidole viwili. Bilinganya pia inafaa, ila inakunywa mafuta.

Viungo: kitunguu saumu punje sita, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, binzari nyembamba vijiko viwili vya chai, mbegu za giligilani vijiko vitatu vya chai, manjano kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko, karafuu tatu, iliki nne, kijiti kimoja cha mdalasini. Pilipili mbuzi moja, nzima. Limau nusu. Majani ya giligilani ukiyapata.

Mafuta ya alizeti vijiko vitano vya chakula. Najua wengine mtapunguza. Msipunguze chini ya vitatu, nitaeleza kwa nini. Chumvi vijiko viwili vya chai, mbali na ile ya kulowekea.

Kwa nini zinagoma huku juu

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, haiyakandamizi maji kwa nguvu ileile, basi maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100. Kila mita 300 unazopanda, nyuzi moja hivi inapungua. Dar yanachemka kwenye 100. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, yako 98 na kitu. Hapa Mbeya 94, Iringa mjini karibu 95, na Njombe, inayokaribia mita 2,000, ni 93 hivi.

Nyuzi sita ukizisikia unaweza kuzidharau, lakini kwa mbegu kavu ndiyo tofauti ya saa nzima jikoni. Shangazi yangu wa Kyela na mimi tukinunua dengu kutoka gunia moja, yeye atakuwa anaosha vyombo wakati mimi bado napepea. Na kosa tunalofanya wengi ni kuongeza moto. Maji yakishachemka hayapandi joto tena hata ukiyawekea moto wa tanuri. Yanachofanya ni kukauka haraka. Mkaa wako wote unaondoka na mvuke dirishani. Moto mdogo unaofanya maji yatokote taratibu unaivisha sawasawa na ule wa fujo, kwa nusu ya mkaa.

Jambo la pili ni nyanya. Ndani ya punje kuna kitu kama gundi, wataalamu wanakiita pektini, kinachoshikanisha chembechembe zake. Kulainika kwa dengu ni hiyo gundi kuyeyuka. Asidi ya nyanya, limau au ukwaju inaizuia isiyeyuke. Ukitia nyanya kabla dengu hazijaiva, umezifunga. Utachemsha mpaka kesho. Maji yenye chokaa nyingi nayo yanafanya hivyohivyo, kwa hiyo kama maji ya kisima chenu yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika, kwa kazi hii tumia ya mvua.

Kuloweka

Zichambue kwenye ungo, kokoto zipo, zipete, zioshe mara mbili. Weka kwenye chombo kikubwa kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu zitavimba zaidi ya mara mbili. Mimina maji lita mbili, yawe vuguvugu. Hapa wa pwani watashangaa. Wao wanaogopa dengu zisichachuke usiku; sisi mwezi wa sita na wa saba tatizo letu ni maji kupoa mpaka yanauma mkono, na punje ndani ya maji ya baridi inafyonza polepole mno. Saa nane zinazotosha Dar kwetu hazitoshi. Anza saa mbili usiku kwa maji ya vuguvugu, funika, weka karibu na jiko linalopoa, uje uzione saa nne asubuhi.

Ndani ya maji hayo koroga kijiko kimoja cha chakula cha chumvi. Tumelelewa tukiambiwa chumvi inakaza maharage, na mimi niliamini hivyo muda mrefu. Kwenye maji ya kulowekea inafanya kinyume chake: inalainisha ganda, na dengu zinaiva bila kupasukapasuka. Maji hayo utayamwaga, kwa hiyo usiogope ukali wake.

Utajuaje zimetosha? Toa punje moja, ipasue katikati kwa ukucha. Angalia sehemu ya ndani. Ikiwa rangi ni moja kuanzia pembeni hadi katikati, zimekunywa. Ukiona katikati pana duara dogo lililokolea na kavu, kama jicho, maji hayajafika hapo. Rudisha kifuniko, saa mbili zaidi. Kipimo hiki kimeniokoa mara nyingi kuliko saa ya ukutani.

Umesahau kuloweka na wageni ni leo? Chemsha dengu dakika tatu, epua, funika, ziache humohumo saa mbili, mwaga maji, kisha endelea. Haifikii kulala nazo usiku, lakini inasaidia.

Magadi: bibi zetu hutia kipande, na yanafanya kazi kweli, kwa sababu yanaifanyia ile gundi kinyume cha nyanya. Ila yakizidi dengu zinanuka sabuni, maganda yanayeyuka kuwa ute, na vitamini nyingine za kundi B zinaharibika. Mimi nayatumia pale tu ninapojua dengu ni za zamani, na nayatia kwenye maji ya kulowekea, kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, halafu namwaga na kuosha vizuri sana kabla ya kubandika.

Kuchemsha

Mwaga maji ya kulowekea, osha, tia maji mapya ya moto yapite juu ya dengu kwa urefu wa vidole vinne. Usitie chumvi bado, usitie kitunguu, na nyanya usiisogeze hata karibu. Ukipenda tia kijiti cha mdalasini na karafuu mbili, hizo hazina ugomvi na mtu.

Yakichemka litapanda povu jeupe zito. Lichote kwa upawa ulitupe, likibaki linafurika na kuzima mkaa. Sasa punguza moto mpaka uone vipovu vinapanda kimoja kimoja pembeni. Funika, acha upenyo mdogo. Kwa sufuria ya kawaida hesabu saa moja na nusu hadi mbili na nusu, kutegemea umri wa dengu. Kila nusu saa angalia maji. Yakishuka ongeza ya moto kutoka kwenye birika. Ya baridi yanazisimamisha, unaanza upya.

Kwa anayetumia gesi, hasa ule mtungi mdogo wa kilo 6, kuna njia ya kubana matumizi ambayo mkaa pia unaipenda. Chemsha dakika 40, zima, funika vizuri, funga sufuria yote kwa taulo na blanketi zito, iweke ndani ya kikapu au ndoo yenye nguo kuukuu chini. Iache saa mbili bila kuchungulia. Zinaendelea kuiva kwa joto lake zenyewe. Ukifungua, rudisha motoni dakika 30 au 40 za kumalizia. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo nilidhani nimepoteza muda. Nilipofunua blanketi mvuke ulinijia usoni kama ndiyo kwanza nimeepua.

Mwenye sufuria ya presha amebarikiwa. Ndani yake joto linapanda hadi nyuzi 115 hivi hata huku milimani, na dengu zilizolowekwa vizuri huchukua dakika 25 tangu mlio wa kwanza. Usijaze zaidi ya nusu, na tia kijiko cha mafuta kupunguza povu, maana povu la dengu linaweza kuziba tundu la kutolea mvuke. Zima moto, iache ipoe yenyewe. Usiilazimishe kufunguka.

Zimeiva pale punje ikipondeka kati ya kidole gumba na cha shahada bila kubaki na chembe ngumu katikati. Jaribu punje tano, si moja, kwa kuwa gunia huchanganya za umri tofauti.

Dakika 20 kabla ya kuepua, tia viazi ulivyokata vipande vya ukubwa wa kiberiti kilichokatwa nusu, pamoja na chumvi kijiko kimoja cha chai. Watu huvitia viazi mwishoni kwenye mchuzi wa nyanya halafu wanalalamika vimekuwa vigumu kama sabuni. Ni hadithi ileile ya asidi. Viive humu kwanza.

Na yale maji yaliyobaki, ya rangi ya chai ya rangi na mazito kidogo, ni marufuku kuyamwaga. Ndiyo mchuzi wenu.

Viungo

Nunua mbegu nzima, saga mwenyewe. Ule unga wa binzari uliofungwa kwenye vifuko vidogo, ukikaa rafu ya duka miezi sita, umebaki rangi tu, na mwingine una unga wa mahindi ndani. Mbegu nzima huwezi kudanganywa kirahisi: isugue kiganjani, inuse. Binzari nyembamba nzuri inakupiga puani. Usiposikia kitu, usinunue.

Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo. Tia giligilani kwanza, ni nene, inachelewa. Baada ya dakika moja tia binzari nyembamba, karafuu iliyobaki na mbegu za iliki ulizotoa kwenye maganda. Tikisa kikaango, usisimame mbali. Kuna sekunde chache harufu inageuka kutoka ya majani kuwa ya kitu kilichookwa, na binzari inaanza kurukaruka. Hapo hapo mimina kwenye sahani ya baridi. Ukiziacha kikaangoni zinaendelea kuungua hata moto ukiwa umezimwa, na uchungu wake hautatoka, hata utie sukari. Twanga kwenye kinu pamoja na pilipili manga. Manjano haihitaji kukaangwa hivi, changanya mwishoni.

Kitunguu saumu na tangawizi ponda pamoja na chumvi kidogo. Tangawizi usimenye kwa kisu, paruza ganda kwa kijiko, huipotezi nyama yake.

Kuunga

Katakata vitunguu vyote vitatu vyembamba. Sufuria nzito, mafuta vijiko vitano, moto wa wastani. Mafuta yakipata joto, tia vitunguu na chumvi kidogo kabisa ili vitoe maji. Kuanzia hapo una dakika 15 hadi 20 za kusimama. Najua wengi wetu tunakaanga kitunguu dakika tatu, kikishakuwa laini tunatia nyanya. Kwa mchicha inatosha. Kwa chakula hiki haitoshi, na ukifanya hivyo mchuzi wako utakuwa mwepesi wenye utamu wa maji, na utaongeza viungo ukidhani ndivyo vilivyopungua.

Angalia vinavyobadilika. Kwanza vinakuwa kama kioo. Kisha vinapungua mpaka unafikiri umetia kidogo. Pembeni vinaanza kushika rangi ya asali, na chini ya sufuria unajitokeza utando wa kahawia. Ukianza kushika sana tia kijiko kimoja cha maji ya dengu, kwangua kwa mwiko. Ule utando ni ladha, unarudi kwenye vitunguu. Rudia mara mbili au tatu. Vikifika rangi ya udongo wa tofali mbichi, vimefika.

Tia saumu na tangawizi, dakika mbili, mpaka ukali wake usikuchome macho. Tia viungo vilivyotwangwa pamoja na manjano. Hapa ndipo yale mafuta vijiko vitano yanapodai haki yake: harufu ya viungo inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki vizuri kwenye maji. Sufuria ikiwa kavu, viungo vinaungua na kubaki kama mchanga ulimini. Koroga sekunde 40 hivi.

Sasa nyanya, muda wake umefika. Nimezikwangua kwa grater, upande wenye matundu makubwa, nikabaki na ganda mkononi, ambalo nalitupa. Anayetaka asage kwa blenda. Tia karoti zilizokatwa mviringo na ile pilipili mbuzi nzima, usiitoboe isipokuwa mnapenda kulia mezani. Pika bila kufunika, ukikoroga, dakika 12 hadi 15, mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni na yanang'aa, na ukipitisha mwiko chini ya sufuria unaacha njia ambayo haifungi upesi. Nyanya za kiangazi huwahi. Za masika zina maji mengi, subiri.

Kukutanisha

Chota upawa mmoja wa dengu zilizoiva, ziponde kwenye bakuli kwa mchi au kwa chini ya kikombe. Huo ndio unga wa kuzitia uzito. Huhitaji unga wa ngano. Mimina dengu zote, viazi, zile zilizopondwa, na maji yake kiasi cha vikombe viwili. Tia njegere na kijiko cha pili cha chumvi, koroga, punguza moto, funika nusu. Dakika 15. Kama una muda, 25, maana dengu zinanyonya viungo polepole.

Hoho iliyokatwa vipande vikubwa inaingia dakika tano za mwisho, ibaki na ukakamavu. Mchicha unaingia wa mwisho kabisa. Ukishalegea tu, epua. Kamua limau moto ukiwa umezimwa, nyunyiza majani ya giligilani, toa kijiti cha mdalasini na ile pilipili. Onja chumvi sasa, si kabla ya limau, kwa sababu limau linabadilisha hesabu.

Watu wa pwani wangetia tui la nazi. Huku nazi imesafiri safari ndefu na bei yake inasema hivyo, na mara nyingine ukiivunja ndani imeshaoza. Mimi natia karanga. Vijiko vitatu vya chakula vya karanga zilizokaangwa na kusagwa, uzikoroge kwanza na maji ya moto kwenye kikombe mpaka ziwe kama uji mwepesi, kisha mimina dakika kumi kabla ya kuepua na usiache kukoroga. Zinashika chini haraka. Mchuzi unakuwa mzito wa rangi ya dhahabu. Ukitia karanga, punguza limau.

Mambo yakienda mrama

Chumvi imezidi: ongeza dengu zilizopondwa na maji ya moto, au kiazi kilichochemshwa na kupondwa humohumo. Kile kiazi kizima cha kuelea kinyonye chumvi ni imani tu, kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake.

Imeshika chini: usikoroge. Hamisha juu yote kwenye sufuria nyingine, ukoko uache kule, onja. Nusu ya mara hakuna atakayejua.

Umeshaunga ndipo ukagundua dengu bado ngumu: hapo hakuna dawa ya haraka. Tia kwenye presha na maji kikombe kimoja, ukiwa umezipunguza ziwe nusu sufuria na mchuzi usiwe mzito, kwa sababu mzito unaungua chini. Huna presha? Mkate.

Kula nazo nini

Wali wa mchele wa Kyela, hilo halina mjadala nyumbani kwangu. Harufu yake inatosha, usiutie viungo vingine. Chapati pia. Wazee wangu wanakula na ugali na hawaelewi kwa nini nauliza. Kwa ndizi za Tukuyu zilizochemshwa, fanya mchuzi uwe mwepesi kidogo. Pembeni kata parachichi, linapoza pilipili vizuri kuliko maji.

Hata kwa baridi ya huku sufuria isilale nje usiku, sembuse mwezi wa kumi na wa kumi na moja, joto likipanda: ikishapoa iingie kwenye friji, na usiiache nje zaidi ya saa mbili. Itakaa siku tatu. Kesho yake asubuhi utaikuta imekuwa kizibo, dengu zimekunywa mchuzi wote. Tia kwanza nusu kikombe cha maji ya moto, ndipo ubandike, moto mdogo, na usikoroge mpaka uone pembeni pameanza kulegea.